Jina Nililoliita Juu ya Mlomo

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, bado nikilala kitanda kimoja na bibi kwa sababu ya baridi ya Njombe, nilifanya kosa moja ambalo sikumwambia mtu yeyote kwa miaka minane. Watu wakikumbuka makosa yao ya utotoni hucheka: huyu alilamba sukari ya wageni, yule alivunja mtungi akamsingizia mbuzi. Langu lilikuwa neno moja tu. Nililitamka kwa sauti, mchana kweupe, mahali nilipokatazwa kulitamka. Neno lenyewe lilikuwa jina la baba.

Baba alikuwa amekwenda manamba. Siku zile za Mwingereza, wanaume wa Ubena waliandikishwa kwa mkataba, wakapewa namba zao, wakapelekwa Tanga kukata mkonge. Lori liliwachukulia Makambako. Makambako hiyo si hii ya leo yenye treni na hoteli zisizolala. Ilikuwa njia panda yenye vumbi, maduka mawili matatu na uwanja mtupu. Tulimsindikiza watu watatu: mama, bibi aliyemzaa, na mimi mtoto wake wa pekee. Alivaa koti la kijivu lisilo na kifungo cha juu. Akanishika kichwa akasema, "Raheli, mahindi yakivunwa mara mbili, nipo hapa."

Yakavunwa mara mbili. Yakavunwa na mara ya tatu.

Nilichokuja kukijua mapema mno ni kwamba mtu akikawia sana, jina lake huanza kuhama nyumbani. Mwaka wa kwanza lilikuwa mdomoni mwa kila mtu: Yohane angekuwepo paa lisingevuja, Yohane hapendi mboga hii. Mwaka wa pili mama alianza kusema "baba yako." Mwaka wa tatu akasema "yule," tena kwa nadra, kwa sauti ya mtu anayepita karibu na mbwa asiyemwamini. Bibi ndiye aliyenishangaza zaidi. Alimzaa, alimlea peke yake, na sasa hakumtaja kabisa. Mimi nililisema jina lile kimoyomoyo nikitwanga, kila pigo la mchi na jina, nikiogopa nisije nikalisahau. Sura yake ilikuwa imeshaanza kunitoka. Koti nililikumbuka vizuri, lakini aliyekuwa ndani yake sikumwona tena.

Hali ilikuwa hivyo Mwalimu wetu alipopata wazo la safari.

Mwalimu alikuwa kijana wa Ukinga, mrefu, mwenye soksi zilizofika magotini na mapenzi makubwa na jiografia. Wiki nzima alikuwa ametuchorea ubaoni mlima unaotapika moto. Sasa akatutangazia kwamba hatuna haja ya kusafiri mbali. Kule ng'ambo ya bonde kulikuwa na lilinga, yaani ngome ya zamani ya Wabena, na nyuma yake kulikuwa na mlima tuliouita Mlomo, kwa sababu ya shimo pana lililo kileleni. Kwa umbo lake, alisema, Mlomo ni volkano iliyozimika. "Jumamosi. Asubuhi magofu, mchana volkano, jioni kila mtu kwao." Alihitaji mtu wa kutuongoza, na kila aliyemuuliza alimtajia bibi yangu, maana alizaliwa ndani ya lilinga.

Akaja nyumbani jioni moja, kofia mkononi.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene, mwanangu. Kaa."

Akaeleza. Bibi aliendelea kuchambua maharage, akitupa mabovu pembeni. "Ukuta umeanguka. Mtaona nini?"

"Watoto waone walikotoka, bibi."

"Na Mlomo?"

"Waone volkano."

"Hiyo siijui. Mimi najua Mlomo. Nitawapeleka, lakini kule juu watafuata ninavyosema, na wewe pia."

Mwalimu akakubali upesi huku akitabasamu. Watu wa shule ndivyo tulivyo. Tukiambiwa jambo na wazee tunadhani tunaombwa adabu tu.

Tulitoka na umande, wanafunzi tisa, miguu mitupu inayouma kwa baridi, na kikapu cha viazi vya kuchemsha tulichopokezana. Bibi alitangulia na fimbo yake. Huyu ndiye aliyekuwa akilalamikia magoti kila jioni mpaka niyakande kwa maji ya moto, na asubuhi ile Mwalimu mwenyewe alikuwa akimkimbilia nyuma. Nilijisikia fahari. Nilitembea karibu naye ili wenzangu wasisahau ni bibi wa nani.

Lilinga lenyewe, nikisema kweli, lilituvunja moyo. Tulitegemea ukuta na malango; tukakuta tuta refu lenye nyasi, mawe ya msingi yaliyozama, na mbuzi wa mtu wakila juu ya historia yetu. Lakini bibi alipoanza kuzungumza, mahali pale pakaanza kujaa. Hapa lilikuwa lango. Hapa walilala ng'ombe. Akatembea hatua chache, akasimama juu ya nyasi zisizo tofauti na nyasi nyingine, akasema, "Hapa ndipo tulipolala sisi." Akaziangalia zile nyasi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwaza kwamba bibi naye alikuwa na mahali alipopakumbuka.

Mwalimu alikuwa na daftari. "Liliangushwa mwaka gani, bibi?"

"Mwaka nilioota meno ya mbele."

"Na maadui walikuwa watu gani?"

"Watu wenye mikuki. Mtoto haulizi mkuki ni wa kabila gani."

Mwalimu akayaandika hayo hayo. Ndipo bibi akatusimulia, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeeleza mapishi. Walivamiwa alfajiri. Wanawake wakachukua watoto wakakimbilia Mlomo, wakajificha ndani ya lile shimo. Walipofika, mama yake alihesabu watoto wake akakuta mmoja hayupo, dada mkubwa wa bibi. Akasimama ukingoni akamwita kwa jina. Wenzake walimziba mdomo, akawang'ata mikono, akaita tena. Mlima ukaitikia kila mara. Yule msichana hakuonekana tena, si hai wala maiti.

"Jina likiitwa juu ya Mlomo, linabaki kwa Mlomo," bibi akasema. "Mwenyewe hata akiwa njiani anarudi, miguu inapotea. Mama alilijua hilo. Uchungu ulimsahaulisha." Kisha akatwambia tule viazi.

Chini ya mlima, njia inapoanza kupanda, palikuwa na lundo la mawe lililonizidi kimo. Kwa agizo la bibi kila mtu aliokota jiwe, akaliambia jina lake, akaliweka pale. Jina unaliacha chini, unapanda bila jina, na ukishuka unaligusa jiwe lako na kulichukua. Zakaria, mtundu wa darasa, akauliza, "Nikitaka kumwita mwenzangu je?"

"Mguse bega."

Mwalimu naye aliinama akaliambia jiwe jina lake. Zakaria alipounyooshea mlima kidole, bibi alikikunja kile kidole taratibu mpaka kikawa ngumi, akasema Mlomo huonyeshwa kwa ngumi. Tukapanda hivyo, tukigusana mabega na kucheka, watu kumi na mmoja wasio na majina.

Kileleni palikuwa na bakuli kubwa la nyasi, pana kuliko viwanja vyote vya shule nilivyowahi kuviona, na mawe meusi yakijitokeza hapa na pale. Mwalimu alifurahi mpaka akasahau Kiswahili, akawa anasema Kikinga peke yake. Miaka mingi baadaye mtaalamu mmoja wa miamba aliyelala kwetu aliniambia Mlomo haukuwahi kuwa volkano hata siku moja, shimo lile lilichimbwa na maji na muda. Nilikutana na Mwalimu mara kadhaa baada ya hapo na sikumwambia. Wapo watu ambao ningewanyima ukweli wa namna hiyo daima.

Bibi akasema anazunguka upande wa pili kuchuma majani ya magoti yake. "Msinifuate." Alipotoweka, Mwalimu alitueleza kwa upole, karibu kwa kunong'ona, kwamba mlima hauitikii mtu. Sauti hugonga ukuta wa mawe ikarudi, hiyo inaitwa mwangwi, na hakuna kinachobaki huko. Kisha akawashusha wenzangu mteremko wa nje kuokota mawe meusi ya darasani. Mimi nikasema nimechomwa na mwiba. Mwiba haukuwepo.

Nilikaa ukingoni peke yangu. Ukungu ulikuwa umepanda ukajaza bakuli, upande wa pili haukuonekana. Lakini nyuma yangu palikuwa peupe, na kwa mbali niliona barabara ya Makambako, na juu yake vumbi dogo likitembea. Lilikuwa lori. Nililitazama mpaka likaisha.

Nataka nieleweke vizuri hapa. Sikuwa mtoto asiyejua. Nilimwamini bibi kwamba jina linabaki, na nilimwamini Mwalimu kwamba ni sauti tu. Niliwaamini wote wawili kwa wakati mmoja, na taabu yangu yote ilitoka hapo. Nilijua kama asemalo bibi ni kweli, ninaloliwaza litamgharimu baba njia ya nyumbani. Lakini kwa mwaka mzima sikuwa nimelisikia jina lile kwa masikio yangu. Niliona kiu, kiu kabisa, ya kulisikia likitamkwa mahali, hata kama anayelitamka ni jiwe.

Nikasimama. "Yohane," nikaita.

Sikuwahi kumwita baba kwa jina. Mtoto gani hufanya hivyo. Likarudi kwangu mara moja, jembamba, kisha mara ya pili kwa mbali zaidi. Nikalia, na nilikuwa nalia kwa furaha. Nilitaka kukaa pale nimsikie akitajwa mpaka jua lizame.

Mlima ukanyamaza. Halafu, nilipokuwa nafuta macho, sauti nyingine ikatoka ndani ya ukungu. "Yohane." Haikuwa yangu. Ilikuwa nzito, ndefu, yenye mkwaruzo. Ikanyamaza kidogo, ikasema tena, "Yohane."

Sikumbuki nilivyoshuka. Nakumbuka bega la Mwalimu nililolishika na kukataa kuliachia, naye akinicheka kwamba mwiba umenitia homa.

Kwenye lundo la mawe kila mtu alitafuta jiwe lake na kudai jina lake kwa kelele. Bibi alifika wa mwisho, macho mekundu. Zakaria akamuuliza majani yako wapi. Bibi aliitazama mikono yake mitupu kama ndiyo kwanza anaiona. "Baridi imeyaunguza," akasema, akapita bila kugusa jiwe lake. Niliyaona hayo yote, na nisiwaze kitu. Mwenye hofu yake hana nafasi ya kuwaza ya mwingine.

Mvua za kwanza zilipokaribia, wanaume wawili wa kijijini kwetu walirudi kutoka Tanga. Walikaa uani kwetu, wakanywa ulanzi waliopewa, wakasema walichokuja kusema. Yohane alimaliza kadi yake, siku zote za kazi alizoandikiwa. Alikata tiketi ya kurudi pamoja nao, wakafika stesheni pamoja, mizigo mkononi. Treni ilipokuwa inakaribia akasimama, akasema kuna kitu amesahau, akarudi mjini. Wakamngoja. Treni ikaondoka, naye hakutokea. Walipata habari baadaye kwamba alionekana kwenye gari la kwenda pwani.

Mama akauliza lini. Wakasema mwezi wa baridi kali. Nikahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo, ukawa ule ule mwezi wa Mlomo. Bibi aliweka chini kibuyu alichokishika, akanitazama, au nilidhani ananitazama, akatoka nje.

Baada ya hapo sikuweza kupita njia inayouona Mlomo. Kwenda shuleni, kwenda kuni, kwenda kanisani, nilizunguka njia ndefu ya mtoni. Bibi alizunguka pamoja nami, na magoti yake yale, bila kuuliza. Nilidhani ananihurumia. Miaka minane tulipita njia ile ndefu pamoja, tukizungumza habari za kuku na za mahubiri, na jina la baba halikutajwa tena katika nyumba yetu hata kwa bahati mbaya. Nilimpenda mno, na kila aliponipenda niliumia, kwa maana alikuwa anampenda aliyempoteza mwanawe.

Nikapata nafasi ya kusomea ualimu mbali na kwetu. Mama alikuwa na homa, kwa hiyo aliyenisindikiza Makambako ni bibi. Uwanja ulikuwa ule ule. Tuliketi juu ya sanduku langu la bati tukisubiri lori, na nikaona siwezi kupanda nikiwa nalo lile neno tumboni.

"Bibi, siku ile ya Mwalimu, kule Mlomo. Mimi ndiye niliyemwita baba."

Aliendelea kutazama barabara. "Kwa jina?"

"Kwa jina."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

Mtu mmoja alipita akitusalimu na hakuna aliyemwitikia.

"Mimi mara mbili," bibi akasema.

Sikumwelewa. Ikabidi anieleze, taratibu, akikunja na kukunjua ncha ya kaniki yake. Hakufuata majani yoyote siku ile. Alizunguka upande wa pili ili tusimsikie. Alikuwa amekubali kutuongoza kwa sababu hiyo tu. Peke yake asingepata sababu ya kupanda, na kila siku alikuwa akiutazama mlima ule na kutamani. Alipofika, akamkumbuka mama yake, moyo ukamkataza. Akageuka arudi. "Ndipo nikausikia mlima unamwita mwanangu, kwa sauti ya mtoto. Nikajua umemwona mahali. Nikaita ili asikie na yangu."

"Ilikuwa sauti yangu, bibi."

"Sasa najua."

"Na mimi nilidhani yako ni ya mlima."

Akatikisa kichwa. "Miaka yote nakuona unazunguka njia ya mtoni. Nikasema, huyu mtoto alinisikia. Anajua nilichomfanyia baba yake, naye hanisemi kwa mtu."

Nilitaka kucheka, nikalia. Nikamwambia kwamba kumbe hakuna mlima ulioita, tulikuwa sisi wawili tu. Nilikuwa msomi tayari, nikitaka jambo limalizike. Bibi hakunikubalia. "Huenda ni sisi," akasema. "Huenda ni Mlomo ulitutumia. Mimi sijui, Raheli, na wewe hujui." Kisha akaanza, pale pale kwenye vumbi, kunisimulia habari za Yohane: alivyozaliwa akiwa mdogo wakamlaza kwenye ungo karibu na moto, alivyoogopa bata, alivyokuwa akiimba vibaya kanisani na kwa sauti ya juu. Mambo ambayo sikuwahi kuyasikia. Alimtaja labda mara thelathini. Tulikuwa na saa moja tu, na tulikuwa tumekuwa na miaka minane.

Lori likaja. Nilipanda nyuma, juu ya magunia. Lilipoanza kuondoka, bibi yangu, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti barabarani, akaniita. "Raheli."

"Abee," nikaitika.

Akatembea hatua chache akilifuata lori. "Raheli."

"Abee, bibi."

Hakuwa na neno la kuniambia. Alisimama na fimbo yake katikati ya njia panda, akiwa ameridhika, mpaka vumbi likamfunika.

Alifariki nikiwa masomoni. Baba hakurudi, na sijui hata kaburi lake liko upande gani. Mimi sasa nimempita bibi umri. Ni Mlutheri wa kubatizwa na nimefundisha watoto mwangwi kwa chaki mikononi, lakini nikipita chini ya Mlomo huweka jiwe, na jina la mtu siliiti pale. Kama tulimpotezea njia, tulimpotezea pamoja. Kama hatukumpotezea, basi tulinyimana bure, watu wawili wa kitanda kimoja, jina ambalo kila mmoja wetu alikufa kiu ya kulisikia. Wajukuu wangu wananicheka kwa tabia moja niliyo nayo. Mtu akiniita, hata nikiwa na usingizi, hata nikijua hana la kusema, naitika kwanza.